Hapavuji, Baba

Mimi ni fundi wa kuezeka, na nasema mapema ili usije ukaniona mnyenyekevu: nina mdomo. Somanda nzima hapa Bariadi wanajua. Mteja akiniuliza kama kazi naiweza, namjibu kabla hajamaliza swali. Fundi mwenzangu akikosea, kosa lake naliona nikiwa barabarani juu ya pikipiki, na silinyamazii. Mke wangu Felisita husema siku nikifa watu watazika mwili tu, mdomo utabaki ukibishana na wachimba kaburi. Zamani nilikuwa nacheka akisema hivyo. Siku hizi nacheka kidogo.

Hii ni habari ya nyumba ya mama mkwe wangu, kule Lagangabilili. Jina lake silitaji. Nilivyolelewa mimi, mama aliyekuzalia mke humtaji jina, humpi mkono, huli naye sahani moja, na chumba anacholala hukikanyagi hata kama kinaungua moto. Ukikutana naye njiani unasogea pembeni, naye anavuta kitenge kichwani na kutazama upande. Vijana wa mjini wanasema ni mambo ya kizamani. Mimi sioni hivyo hata leo, pamoja na yote yaliyonikuta.

Nyumba aliijenga kaka wa mke wangu, Constantine, afisa mifugo anayefanya kazi Shinyanga. Alitaka kumtoa mama yake Migato, kwenye nyumba ya udongo, amsogeze karibu na barabara. Na alitaka nyumba ya siku hizi, zile ambazo ukuta wa nje unapandishwa juu kulizunguka paa, ukisimama barabarani huoni bati hata moja. Paa la kuficha. Watu wanalipenda kwelikweli, ingawa ndilo linalowatesa mafundi. Kuta alipewa Masunga, mwashi wa huko huko wilayani Itilima, mtu mpole anayefanya kazi bila kelele. Paa nikapewa mimi, mkwe wa nyumba.

Sasa sikia, maana hapa ndipo penyewe. Paa la kuficha siri yake iko pale bati linapokutana na ukuta. Maji yanapapenda sana pale. Dawa yake ni flashingi, ukanda wa bati uliokunjwa: upande mmoja unalala juu ya paa, upande mwingine unapanda ukutani. Na ule unaopanda ukutani huubandiki tu. Unachukua grenda, unachana mfereji kwenye tofali, unaingiza ncha ya bati ndani ya mfereji, ndipo unaziba. Ukiupigilia juu juu kwa misumari na kuufunika kwa lipu, utapendeza miezi miwili. Jua la Simiyu likilichapa bati linatanuka, jioni linasinyaa, lipu inaachia, na maji yanapata njia nyuma yake usiyoiona wewe wala mwenye nyumba. Haya nayajua tangu nikiwa saidia fundi. Nimewafokea watu kwa ajili yake.

Pande tatu nilizifanya inavyotakiwa. Upande wa nne, ulio juu ya chumba cha kulala cha mama, niliufikia Jumamosi alasiri, na grenda ikaungua. Ilitoa moshi mkononi mwangu ikanyamaza. Jumapili asubuhi ukoo mzima ulikuwa unakuja kutoka Migato, ng'ombe wa kuchinja alikuwa ameshafungwa uani, padri angebariki nyumba. Kurudi Bariadi kutafuta grenda nyingine maana yake wageni wangelikuta paa halijaisha na mkwe yuko juu kavaa kaptula ya kazi. Sikutaka. Nilitaka wanikute chini, nimeoga, nimevaa shati jeupe. Basi nikachukua misumari ya zege, nikapigilia, nikapaka lipu, nikailainisha kwa brashi mpaka ikapendeza kuliko zile pande tatu. Nikajiambia nitarudi wiki ijayo.

Jumapili wakanisifu. Wazee walisimama barabarani wakiulizana bati liko wapi, wakacheka, wakanipa mkono mmoja baada ya mwingine. Baada ya hapo, kurudi na grenda kungekuwa sawa na kusema sifa zao nilizila bure. Sikurudi. Na kile chumba nilichokiezeka kwa mikono yangu, mama alipoingiza kitanda chake tu, kikawa si cha kukanyaga tena.

Ikawa mvua ikinyesha napita Lagangabilili, nakaa sebuleni kwenye kiti cha mlangoni. Mama anakuwa upande wa pili wa pazia, koridoni. Tunasalimiana kwa Kisukuma hivyo hivyo bila kuonana, mimi namwita mayu, yaani mama.

"Ng'wadila, mayu."

"Ng'wadila, baba."

Ananiuliza wajukuu, ananiuliza mvua ya Bariadi, ananiuliza na ng'ombe, ambao sina. Mwisho nasimama, nashika kofia yangu, ndipo nauliza.

"Mayu, hapavuji?"

"Hapavuji, baba."

Miaka mitatu, jibu ni hilo. Nami nikaligeuza tangazo la biashara. Mteja akisitasita nampakia kwenye pikipiki mpaka Lagangabilili, namsimamisha mbele ya nyumba, namwambia humo anaishi mkwe wangu, mama asiyejua kusema uongo, muulize kama amewahi kuona tone. Wengine waliuliza kweli. Mama alitoka mpaka mlangoni na kitenge chake kichwani, akatazama chini, akawaambia halivuji. Nilikuwa nasimama pale kifua mbele.

Mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaishia, rangi ya ukuta wa korido ikaanza kuvimba. Chini kabisa, hapafiki gotini. Ilivimba, ikapasuka, ikawa inamwaga unga mweupe sakafuni. Constantine alikuja likizo akaiona, akanipigia simu. Nilikwenda siku ile ile. Niliinama, nikagusa, hata nikanusa, na kabla sijanyooka sawasawa nilikuwa nimeshampata mwenye kosa.

"Maji ya ardhini haya, shemeji," nikamwambia. "Ukuta unayanyonya kutoka chini. Masunga hakuweka nailoni kwenye msingi. Au aliweka ya kubahatisha."

Nilisema kwa macho makavu. Mtu angeniuliza siku ile ningemwapia kwamba sijui kitu kingine. Lakini kuna kutojua kwa mtu ambaye hajaona, na kuna kutojua kwa mtu anayeangalia pembeni. Nilipoinua macho kuufuata ule ukuta kwenda juu, nilijua ni ukuta upi, unaendelea mpaka chumba gani, na juu yake kuna nini. Nikayashusha macho yangu, nikaendelea kumsema Masunga.

Ingeishia pale koridoni, ningekuwa na nafuu. Haikuishia. Kigango, kanisa dogo la pale Lagangabilili, kilikuwa kinatafuta fundi wa kujenga nyumba ya katekista, na Masunga alikuwa ameshaahidiwa. Mimi niliitwa kwenye kikao cha kamati kwa ajili ya paa. Nikasimama, nikakohoa, nikawaambia kabla hawajampa Masunga hata tofali moja waende kwanza wakauone ukuta wa mama mkwe wangu. Walikwenda, wakaona, wakatikisa vichwa. Kazi akapewa fundi mwingine kutoka Nyalikungu. Habari ya fundi haikai mahali pamoja, na kufika msimu wa kuvuna pamba Masunga, mtu aliyejenga nusu ya nyumba za Lagangabilili, alikuwa anachimba vyoo vya watu.

Alinifuata mara moja tu, nikiwa dukani nanunua misumari. "Kaka Mhoja," akaniambia taratibu, "nailoni niliweka. Niliitandika mwenyewe kwa mikono hii." Nikamwambia maneno hayo akaiambie korido. Watu wa dukani wakacheka, nami nikacheka nao, na yeye akatoka bila kununua alichokuja kununua.

Mwaka huu rangi ilivimba tena, na safari hii ilifika kiunoni. Constantine akachoka. Alituita wote wawili siku moja, Jumamosi, mimi na Masunga, akasema tutabomoa lipu chini ya ukuta tuone. Nailoni ikikosekana, Masunga ataujenga upya ukuta wote kwa nguvu zake mwenyewe. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Felisita nilikwenda naye, na njia nzima juu ya pikipiki hakutoa neno, na mke wangu si mtu wa kunyamaza.

Masunga alikuwa amefika kabla yetu, na nyundo na tindo. Alinisalimia vizuri. Akazunguka nyuma ya nyumba, upande wa nje wa ule ukuta, Constantine akamfuata, wakaanza kugonga. Mama alikuwa kwenye kibanda cha jikoni huko nje, na Felisita akaenda kumsaidia.

Nikabaki peke yangu koridoni na ule ukuta. Mdomo wangu haunipi raha hata pasipo na msikilizaji. Nikaona nipande darini nipige picha kwa simu, mbao kavu na bati zinang'aa, ili wakimaliza huko nyuma nami niwe na ushahidi wangu mkononi. Mlango wa dari uko pale pale koridoni. Nikaweka kiti juu ya meza, nikajivuta ndani.

Paa la kuficha halina nafasi, unatambaa kwa tumbo. Niliwasha tochi ya simu nikatambaa kuelekea upande wa nne. Harufu niliipata kabla sijaona kitu, harufu ya nguo zilizosahauliwa ndani ya maji. Kisha nikaona. Ukuta ulikuwa mweusi toka juu mpaka unapokutana na dari. Mbao zilikuwa zimeota ukungu, nikizigusa kwa kidole kinaingia. Na pale juu, nyuma ya flashingi yangu, palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga wa jua, mrefu kama mkono wangu, mahali pale pale nilipopalainisha kwa brashi.

Nyundo ya Masunga ilisikika kutoka chini, taratibu, mtu anatafuta kosa ambalo si lake. Na nitasema nilichofikiria kwanza, maana nimeshaanza. Sikumfikiria Masunga. Sikumfikiria mama. Nilifikiria kama lile kopo la silikoni liko kwenye begi langu. Nikageuka haraka nirudi nikalichukue, nizibe kabla hawajanikuta, nikaweka goti kwenye ubao uliooza, na dari ikaniachia.

Nilishuka na jipsamu, na misumari, na mavi ya panya, nikatua kwa makalio sakafuni katikati ya mabeseni mawili. Nilipofuta macho nikajua niko wapi. Nilikuwa chumbani kwa mama mkwe wangu.

Kitanda kilikuwa kimevutwa mpaka kona ya mbali. Juu yake turubai la kuanikia mpunga lilikuwa limefungwa kamba pembe zote nne, paa la pili ndani ya nyumba yenye paa. Chini ya ule ukuta kulikuwa na mabeseni matatu, ndoo, na lile sufuria kubwa la misiba, vimepangwa mstari, na kila kimoja kilikuwa kimeacha duara lake kwenye saruji kwa kukaa sana hapo hapo. Nguo zake zilikuwa ndani ya viroba, zimetundikwa misumarini. Picha ya Bikira Maria ilikuwa imefungwa ndani ya nailoni.

Na ufa wote, pale ukuta unapokutana na dari, ulikuwa umezibwa kwa pamba. Pamba ya shambani kwake, mbegu zikiwa bado ndani. Ilikuwa imesokotwa na kusukumiwa kwa kidole, kidogo kidogo, na ilipolowa na kuwa nyeusi ikaongezwa nyingine juu yake, na ile nayo ilipolowa ikaongezwa nyingine. Nilizihesabu tabaka kwa macho, zilikuwa tatu. Mama wa miaka sabini alikuwa anapanda juu ya kiti kila msimu kuziba kazi yangu kwa mazao yake.

Mlango ukafunguka. Mama aliniona, akavuta kitenge kichwani, akanigeuzia mgongo pale pale kizingitini. Mimi nikatazama sakafu. Sijui hata kama wazee wana jina la kitu kama kile, mkwe kuketi chini chumbani kwa mama mkwe, suruali imechanika, mkono uko ndani ya beseni.

"Umeumia, baba?"

"Hapana, mayu."

Kifundo cha mguu kilikuwa kimeshaanza kuvimba. Tulikuwa tumezoea kujibizana hivyo, yeye na mimi.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mvua ya kwanza."

"Mbona hukuniambia, mayu? Nilikuwa nauliza kila mara."

Aliponijibu alikuwa anaongea na ukuta wa korido. "Ulikuwa unauliza umeshasimama, baba. Na mara nyingine ulikuja na wageni."

Nikautoa mkono wangu ndani ya beseni.

"Ningemwambia mwanangu kwamba mume wa dada yake ameharibu?" akaendelea. "Angekusema mbele za watu. Felisita uso wake angeuweka wapi?"

"Felisita anajua?"

"Ndiye aliyenifungia turubai."

Misimu mitatu mvua ikilia juu ya bati zangu kule Somanda, mimi namshukuru Mungu kwa sauti kwamba wateja watakuja, na mke wangu pembeni anawaza mabeseni ya mama yake, na hakuthubutu kufungua kinywa. Nilimuuliza baadaye kwa nini. Alikuwa anachambua mchele. "Nani anakuambiaga kitu, Mhoja?" akasema, akaendelea kuchambua.

Nyuma ya nyumba nyundo ikanyamaza.

"Toka, baba," mama akasema kwa haraka. "Toka kabla hawajaingia. Nitawaambia niliweka mahindi darini, yakazidi uzito."

Nikatoka. Tulipishana tumepeana migongo, nikachechemea mpaka uani, mweupe wa vumbi kuanzia utosini. Constantine na Masunga walikuwa wanazunguka nyumba wanakuja. Mikono ya Masunga ilikuwa na vumbi kavu.

"Kaka Mhoja, njoo uone," akasema. "Nailoni ipo, nzima. Tofali za chini ni kavu. Unyevu unatoka juu unashuka." Hakusema kwa kunishinda. Alisema kama mtu anayeomba arudishiwe kitu chake kilichoazimwa.

Constantine alinitazama toka kichwani mpaka miguuni. "Shemeji, umetoka wapi? Ni nini kimeanguka?"

Nikafungua mdomo. Mdomo huu ambao Somanda nzima wanaujua haukutoa kitu.

Mama akaja nyuma yangu. "Constantine, ni mimi," akasema. "Hayo maji ni yangu. Lile bafu la vigae naogopa kuteleza, nimekuwa naogea humo chumbani, na maji nayamwaga pale ukutani. Ni uzee tu, mafundi hawana kosa."

Alikuwa anayasema hayo mbele ya mwanawe wa kiume na mbele ya Masunga, mwanamume baki. Huyu ni mama ambaye hata nguo zake akifua huzianika mahali pasipo na macho ya watu. Constantine akainamisha kichwa kwa haya. Masunga akageuka akatazama barabarani. Na mimi nilimwacha amalize. Sitajipamba hapa. Katikati ya maneno yake palikuwa na nafasi ya mtu kukatiza, mara ya kwanza, mara ya pili, na zote mbili nilizitumia kupima kama itapita. Nikaona inaelekea kupita.

Felisita alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Hakuwa anamtazama mama yake. Alikuwa ananitazama mimi, na wala hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu ambaye ameshajua nitakachofanya, kwamba nitanyamaza, na ameshaanza kujipanga kuishi nacho. Huo uso ndio ulionivunja.

"Mama anasema uongo," nikasema.

Hayo si maneno ya mkwe kumwambia mama mkwe. Nilipoyatoa, yaliyobaki yakafuata yenyewe. Nikasema grenda iliungua. Nikasema misumari ya zege, lipu, brashi, shati jeupe. Nikasema nimetoka kuanguka chumbani kwake na nimeyaona mabeseni. Nikasema Masunga aliweka nailoni, na mwaka jana wakati namsema nilikuwa najua mahali pa kutazama na sikutazama.

Constantine aliingia ndani mpaka chumbani kwa mama yake, ambako mwana wa kiume haingii ovyo. Alipotoka alikuwa ameshika pamba nyeusi kiganjani. Alimuuliza mama yake kitu kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini. Akaiweka ile pamba juu ya ukingo wa dirisha kwa taratibu, hakuitupa, kisha akaenda kukaa peke yake kwenye gari lake.

Masunga alisubiri mpaka nimemaliza kabisa. Akainama kwenye ndoo, akanawa mikono, akaikung'uta.

"Kule kwenye kamati ulisimama, kaka Mhoja," akasema. "Hapa umesema tuko watano."

"Nitasimama."

"Sawa."

Nilisimama Jumapili iliyofuata kwenye kikao cha kamati, mguu umefungwa bandeji. Nilisema yote, hata ile pamba. Mtu mmoja nyuma alicheka. Wengine hawakucheka, na hao ndio walioniumiza zaidi. Mwenyekiti akasema ahsante fundi, wakaendelea na ajenda ya mavuno. Nyumba ya katekista ilikuwa imeshaezekwa zamani, hapakuwa na kazi ya kumrudishia Masunga. Nilikuwa nimedhani nikisema tu, mambo yatarudi yalipokuwa. Watu wawili watatu walimpa mkono nje ya kanisa. Basi. Simu yangu nayo tangu siku hiyo inalia kwa nadra, na wanaonipigia huanza kwa kuuliza kama ni mimi yule wa Lagangabilili.

Ule upande tuliutengeneza wawili, mimi na Masunga. Grenda alishika yeye. Flashingi yangu ya zamani ilitoka kwa kuvutwa na mkono mmoja, misumari ilikuwa imeliwa yote na kutu. Akachana mfereji, mnyoofu, wa kina cha kutosha, nikaingiza bati, tukaziba. Sikumpa ushauri hata mmoja. Kwangu hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko kuezeka. Constantine alibadilisha mbao na dari, ukuta ukaachwa ukauke mwezi mzima na mama akawa Migato, kisha akarudi.

Mvua kubwa ya kwanza baada ya hapo ilinikuta pale pale, mchana, sebuleni kwenye kile kiti cha mlangoni, Felisita akiwa pembeni yangu anashona kifungo. Ilikuwa ile mvua ya kwetu inayokuja na upepo, inapiga ukuta kutoka upande. Pazia lilikuwa limeshushwa. Mama alikuwa upande wa pili. Tulikuwa tumeshasalimiana, ameshaniuliza na ng'ombe. Safari hii sikusimama. Niliketi vizuri, nikavua kofia, nikasubiri upepo upungue ili anisikie.

"Mayu," nikasema, "hapavuji?"

"Hapavuji, baba."

Sauti ile ile. Haikupanda wala haikushuka, ndiyo niliyoisikia miaka mitatu, ndiyo niliyowauzia wateja. Mvua ikaongezeka. Nilijaribu kuliamini lile neno, nikashindwa. Kuuliza mara ya pili kungekuwa kumwambia wazi kwamba simwamini, na kwenda kuangalia siwezi, kile ni chumba chake. Nikamtazama Felisita. Sikumwambia kitu, nilimtazama tu. Akashusha pumzi, akachomeka sindano kwenye shati, akainuka, akapita pazia. Nikasikia mlango wa chumba unafunguliwa. Nikamsikia mama anauliza jambo kwa sauti ndogo.

Felisita alirudi, akanyoosha mbele yangu kiganja alichokuwa amekipitisha ukutani. Nikakishika kwa mikono yangu miwili, nikakigeuza huku na huku. Kilikuwa kikavu kabisa.

Upande wa pili wa pazia mama alikohoa kidogo. Alikuwa amesema kweli, na alikuwa amesikia kwamba nimetuma mtu kumkagua.